Siku Tano ambazo Mashine Iliwaka Haraka

Niseme kitu kimoja mapema, mtu asije akanihurumia bure: nilikuwa na wivu. Si wivu wa mume, huo niliumaliza zamani. Ulikuwa wivu wa kiti. Kiti cha plastiki, chenye mto nilioushona mwenyewe, mbele ya kompyuta ya ofisi ya shule yetu hapa Mangobo. Nilikikalia miaka tisa na hakuna mtu aliyekitazama mara mbili. Halafu akaja mwanamke mmoja kutoka Bukavu.

Najua wapo watakaocheka, mwanamke mzima analilia kiti. Wacheke. Mimi niliingia shule hii kama daktilo, mpiga chapa, na taipu yangu nzito iliyosikika mpaka darasa la mwisho. Siku kompyuta ilipoletwa, imetumika kwanza Ulaya, imepanda mto kwa boti toka Kinshasa, prefe wa wakati ule aliniita. Prefe ndiye mkuu wa shule kwetu. Akaniambia bila kuzunguka: "Mama, hii si kazi ya miaka yako. Tutatafuta mutu wa kuitumika. Wewe utaenda kupumzika." Kupumzika, kwa mwanamke kama mimi, maana yake ni kurudi nyumbani kuangalia sufuria. Sikubishana. Niliomba wiki mbili tu.

Katika wiki hizo mbili nilijifunza kuiwasha, kuizima, kuandika orodha na kuzitoa kwenye karatasi. Lakini kilichoniokoa ni kwamba nilijua kuingoja. Hapa mashine ile tunaiita mashine tu, na mashine yetu haikuamka upesi hata siku moja. Prefe alikuwa anabonyeza, anangoja dakika tano, anabonyeza tena, anaikata. Mwalimu wa hesabu aliipiga kofi ubavuni. Mimi ni mtu wa Yanonge, nimekulia kando ya mto nikingoja boti ambazo hazisemi zitafika lini. Nilibonyeza mara moja, nikatoa uzi wangu na sindano ya kufumia, nikafuma. Baada ya robo saa mashine ikawaka, na mimi nikabaki shuleni.

Miaka ikaenda, maprefe wakabadilika, robo saa ikawa nusu saa na zaidi. Sikujali. Nilifika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kila mtu, nikaiwasha, na ilipofika saa moja na kidogo ilikuwa tayari. Na kwa sababu umeme wa mtaa wetu unakatwa na kurudi unavyotaka, mara nyingi ilinibidi kuiwasha tena katikati ya asubuhi. Hapo ndipo utamu wangu ulipokuwa. Aliyetaka barua au bultini ya mtoto, ile karatasi ya alama zake, alikaa kwenye benchi mbele yangu, tukaingoja pamoja. Mtu akikaa nusu saa hawezi kunyamaza. Walinieleza waume zao, mimba za binti zao, ndugu waliokwama Ubundu na mizigo. Mama mmoja muuza mikate alikuwa akiniletea mitatu kila Jumatano, bado ya moto, kwenye karatasi. Walimu wenyewe walikuwa wakisema, "Tuulize mama sekretere, ni yeye anajua tabia ya ile mashine." Nilijua tabia yake. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba tabia ile ilikuwa na sababu.

Sababu nitaieleza sasa, maana ni mambo yetu na mgeni hawezi kuyajua. Mashine ya shule ilikuwa na antivirusi tatu. Antivirusi ni programu inayozuia magonjwa ya mashine, yale yanayoletwa na flashi za watu. Ya kwanza aliiweka prefe wa zamani siku ya kuaga, kama ukumbusho. Ya pili aliileta inspekta mmoja kwenye sidi, akaikabidhi mbele ya walimu wote, tukampigia makofi. Ya tatu ilitoka kwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, aliyekuwa amerudi safari ya Kinshasa na flashi mfukoni, na alipoiweka alinishika mkono akasema: "Mama, hii ni yangu kwa shule, uitunze." Kila mmoja alinifanya nibonyeze mwenyewe, suivant, suivant, suivant, yaani endelea, mpaka terminer, maliza, ili nione jinsi anavyotupenda. Kila mara mashine ilipouliza kama kweli tunataka kuongeza nyingine juu ya ile iliyopo, tulijibu ndiyo. Nani angejibu hapana? Ukifuta alichokupa mtu, umemtukana. Picha zao tatu ndogo zilikaa pembeni chini, karibu na saa ya mashine, kijani, njano na nyekundu. Inspekta akija alikuwa anainama kuangalia kama yake bado ipo.

Basi akaja huyu mwanamke wa Bukavu. Mume wake alihamishiwa hapa na serikali, na yeye akapata masaa ya jiografia kwetu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka ishirini hivi. Kitenge chake kilimkaa vizuri bila kukivuta kila dakika. Kiswahili chake hakikujua neno hata moja la Lingala, na bado watu wa hapa, ambao hatuwezi kununua mchicha bila Lingala, waliona anasema vizuri. Alinisalimia kwa mikono miwili kila asubuhi na kuniita mama, wala hakuniita kwa dharau. Hakunikosea kitu chochote. Hilo ndilo lilinichosha, kwa sababu mtu akikukosea unapata pa kuanzia.

Siku moja alikuja na karatasi za maswali ya mtihani nimchapishie. Umeme ulikuwa umerudi muda huohuo, nikawa nimebonyeza. Akakaa kwenye benchi kama wengine, lakini hakunieleza habari za mume wake. Alitoa simu yake akaanza kuhesabu dakika.

"Mama, mashine inachukuaga wakati gani kuwaka?"

"Inachukua wakati wake."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

Akacheka kidogo, kwa adabu. Bahati mbaya prefe wetu wa sasa akapita mlangoni, akaona simu inahesabu, akauliza ni nini. Akaambiwa dakika thelathini na nne. Akashika kiuno. "Madame, unajua mambo ya mashine?"

"Kidogo tu, prefe."

Nikaisikia vizuri hiyo kidogo tu. Nilijua papo hapo kwamba ilikuwa nyingi.

Jumatatu iliyofuata, baada ya masomo, alikuja na bisibisi kwenye mkoba. Prefe alisimama, mimi nilikaa kwenye benchi, mahali pa wageni, katika ofisi yangu mwenyewe. Kwanza aliondoa kitambaa nilichokifuma kufunika mashine, akakikunja vizuri sana akakiweka juu ya faili. Angekitupa ningepata la kusema. Akafungua ubavu wa mashine. Vumbi lilikuwa limejaa ndani kama unga wa muhogo. Akamwomba bwana mmoja wa toleka, wale wa baiskeli za abiria, aliyekuwa amesimama getini, amwazime pampu yake, akaanza kupuliza. Vumbi likaruka mpaka kwenye pua ya prefe. Prefe akapiga chafya akacheka. Mimi miaka tisa sikuwahi kumchekesha prefe.

Akafunga, akaiwasha, akaweka sikio karibu. "Disque iko muzima," akasema, yaani ile diski inayotunza kila kitu. "Haigongi, hailii. Ugonjwa hauko hapa." Halafu akafungua mahali ambapo sikupajua, orodha ya vitu vyote vinavyoamka peke yao mashine inapoamka. Ilikuwa ndefu. Kulikuwa na programu ya printa iliyokufa zamani, ya simu ya prefe aliyeondoka, ya muziki na nyingine zilizokuja nayo toka Ulaya, ambazo hakuna anayejua aliziweka nani. Na zile tatu.

"Mama, hizi zote ni za nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza moja moja kama mtu anavyoeleza ukoo: hii ya prefe wa zamani, hii ya inspekta, hii ya mwenyekiti wa wazazi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Halafu akaniuliza, na ninaamini hakuwa na nia mbaya: "Na yako ni gani, mama?"

Sikuwa na yangu. Miaka tisa nimeitunza mashine, na ndani yake hakukuwa na kitu hata kimoja nilichokiweka mimi. Nikasema nimesahau.

Akamgeukia prefe akamweleza polepole. "Hizi antivirusi tatu, kila moja inataka kupekua mashine yote mbele ya kukufungulia mulango. Na moja ikikutana na ingine, inazania ni mwizi, inaanza kuipekua. Ni kama masentineli watatu kwenye geti moja. Mwenye nyumba anabakia inje." Prefe akasema bon, tubakize moja. Madame akabakiza ile ya prefe wa zamani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyepesi, akazifuta mbili, akazizuia na zile takataka nyingine zisijiamshe. Akaizima. Akaiwasha. Akaweka simu mezani ihesabu.

Sikuwahi hata kutoa uzi kwenye mfuko. Dakika mbili hazikuisha, na mashine ilikuwa imeshakaa tayari, inatungoja kana kwamba sisi ndio tumechelewa. Prefe alipiga makofi. Walimu wawili waliokuwa wanapita wakaingia, wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Jumanne niliingia saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili sikuwa na la kufanya. Prefe alipofika akanikuta nimekaa, mikono mapajani. Akafurahi, masikini, alidhani ananipa zawadi. "Mama, sasa unaweza kulala kidogo. Ufike saa moja na nusu kama wengine. Madame nitamupatia kifunguo ya pili, akija mapema atawasha yeye." Nikasema merci. Ufunguo wa pili. Ofisi ile ilikuwa na ufunguo mmoja tangu nianze kazi, na ulikuwa kwenye kamba shingoni mwangu.

Wiki ile benchi lilikauka. Mtu anaingia, anasema anachotaka, karatasi inatoka, anasema merci mama, ameenda. Mama wa mikate alikuja Jumatano, akaniachia ile mitatu, akabaki amesimama na kapu lake kichwani, hakujua kama akae ama aende. "Alors, siku hizi kazi inakimbia," akasema. Akaenda. Nilikula mkate mmoja, ile miwili nikaiacha, haikunishuka. Na kila aliyetoka ofisini mwangu haraka alipita darasani kwake kusema, "Madame, asante kwa mashine." Niliwasikia. Dirisha langu linatazamana na mlango wake.

Alhamisi mwenyekiti wa wazazi alipita kuchukua barua. Akainama, kama alivyozoea, akatafuta picha yake nyekundu karibu na saa. Hakuiona. "Yangu iko wapi, mama?" Nikamwambia kuna mtu aliitoa. Mdomo wake ulishuka, akaenda bila kuniaga. Ningeweza kumweleza habari za masentineli watatu. Nilizijua vizuri. Nikanyamaza, na nikaona raha.

Ijumaa kulikuwa na mkutano wa walimu. Prefe akasema kwamba orodha za wanafunzi wa mwaka wa mwisho zinatakiwa kupelekwa kwenye ofisi ya elimu Jumatatu kabla ya saa tatu. Miaka yote niliziandaa na kuzichapisha siku mbili mapema, kwa kuogopa mashine. Safari hii akasema wazazi wanaweza kuleta marekebisho ya majina mpaka Jumatatu asubuhi yenyewe, "kwa sababu sasa tuko na mashine ya kweli." Umeme juma lile ulikuwa unaondoka saa mbili na nusu. Akapiga hesabu mbele yetu: kuwasha saa moja na nusu, kuchapisha, saa mbili yuko kwenye moto, pikipiki yake, anaenda. Madame ndiye atachapisha. Halafu, akikunja karatasi zake, akaongeza kama mtu anayekumbuka kitu kidogo: "Na trimestre inayokuja tutaona namna ya kupanga ofisi. Madame anaweza kuishika nusu ya siku. Mama naye apumzike kidogo."

Neno lilelile. Prefe mwingine, miaka tisa, neno lilelile.

Jioni ile binti yangu alinipakulia lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, nikasema nimeshiba. Akaniuliza ninaumwa wapi. Nikamwambia wivu, akadhani ninatania, akacheka. Sikutania. Nilikuwa nina wivu na vidole vya Madame, na mkoba wake wenye bisibisi, na ile kidogo tu yake, na namna alivyokunja kitambaa changu. Nilikuwa na wivu hata na dakika zake mbili.

Jumamosi masomo yanaisha saa sita. Umeme ulikuwa umesharudi. Nilingoja mlinzi aende kununua sigara, nikarudi ofisini. Kwenye droo yangu, ndani ya leso, nilikuwa nimeitunza ile sidi ya inspekta na ile flashi ya mwenyekiti. Nilijiambia kwamba sifanyi ubaya. Mwenyekiti ameudhika, inspekta naye atakuja kuudhika, na ni nani atakayebeba aibu hiyo kama si mama sekretere? Nilijiambia hivyo kwa sauti kabisa, ofisini, peke yangu. Mashine ikawaka chini ya dakika mbili. Ikaniuliza kama kweli ninataka kuongeza nyingine juu ya ile iliyopo. Suivant. Suivant. Suivant. Terminer. Nikaweka ya pili, nikaweka ya tatu. Halafu nikafungua ile orodha yake ndefu, maana nilikuwa nimemtazama vizuri alipokuwa anaifungua, nikaamsha na takataka nyingine zote. Nilimaliza kwa robo saa. Nilikuwa nimejifunza haraka, na hakukuwa na mtu wa kunipongeza.

Jumatatu nilifika saa moja na nusu, kama wengine. Nilimkuta Madame amekwisha kukaa kwenye kiti changu, juu ya mto wangu, prefe amesimama nyuma yake na kofia ya moto mkononi. Mashine ilikuwa inazunguka. Zile mbili mpya zilikuwa zinaanza kupekua kila kitu tangu mwanzo, kwa hiyo ilikuwa mbaya kuliko zamani. Saa mbili kasorobo, inazunguka. Saa mbili, inazunguka. Mzazi mmoja na karatasi ya marekebisho akakaa kwenye benchi, akataka kunieleza habari za dada yake wa Isangi, nikamwashiria anyamaze. Nikatoa uzi wangu nikasimama karibu na mlango. Nikapoteza hesabu ya matundu.

"Madame, uliniambia dakika mbili," prefe akasema.

"Ndiyo, prefe."

"Iko wapi ile dakika mbili?"

Saa mbili na robo mashine ikajitokeza. Alifungua orodha, akarekebisha majina upesi, akaituma kwenye printa. Karatasi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Wakati ya tatu inaanza, nikamwona macho yake yanashuka pembeni, chini, karibu na saa. Kijani, njano, nyekundu. Alizitazama. Halafu akageuza shingo akanitazama mimi, na mimi nikashusha macho kwenye uzi.

Umeme ukakatika. Karatasi ya tatu ilibaki mdomoni mwa printa, nusu ndani, nusu nje. Jenereta ya shule haikuwa na mafuta, na maduka yote ya kuchapisha ya mtaa yalikuwa gizani kama sisi. Prefe alichukua karatasi mbili na nyingine akaziandika kwa mkono, juu ya meza yangu, jasho linamdondoka, na walimu wamejaa mlangoni wanaangalia.

Hapo Madame angeweza kusema. Neno moja tu, mama ndiye amezirudisha, na ningemaliza kazi siku ile, mbele ya watu wote. Nilikuwa nimejiandaa kukataa. Nilikuwa hata nimejiandaa kulia. Akasema: "Nilikosa, prefe. Labda kuna kitu sikuimaliza muzuri."

"Ulikosa," prefe akasema. "Bon. Urudi kwenye darasa yako, Madame. Na kifunguo." Madame akaweka ufunguo wa pili mezani. Prefe akanigeukia, sauti ikiwa imechoka. "Mama, chukua kiti yako. Ni wewe unajuaga tabia yake."

Nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake.

Mchana ule niliona raha, siwezi kudanganya. Prefe alirudi amekemewa huko kama mtoto kwa sababu ya orodha za mkono, akapewa mpaka kesho yake kuleta za kuchapishwa, na kesho yake nilizichapisha mimi, nikiwa nimefika kabla ya jua. Habari za nusu ya siku hazikutajwa tena. Benchi likajaa. Watu wakaanza tena kunieleza ndugu zao, na nikagundua kwamba siwasikii. Nilikuwa ninatazama dirishani, mlango wa darasa lake.

Hakumwambia mtu. Niliuliza kwa kuzunguka, huyu na yule, na hakuna aliyejua kitu. Walimu walimtania kidogo, "Madame dakika mbili," akacheka nao. Aliendelea kunisalimia kwa mikono miwili. Ningempenda kidogo kama angenikasirikia. Lakini hata hasira hakuwa nayo, au alikuwa nayo na alijua mahali pa kuiweka, na hilo nalo nikamwonea wivu.

Kwa hiyo nikaamua kumwambia. Ilinichukua wiki tatu kupanga maneno. Niliyapanga nikiosha vyombo, nikayapanga njiani, nikayapanga asubuhi mbele ya mashine, maana sasa inachukua karibu saa nzima na nina wakati wa kutosha. Nilitaka kusema: Madame, ni mimi. Nisamehe. Ni kiti. Kisha ningezifuta zile mbili mbele yake, kwa mkono wangu, aone kwamba nilimtazama vizuri. Hilo lingekuwa langu. Angalau mara moja ningekuwa mimi niliyefanya jambo kubwa, na yeye angekaa kwenye benchi akitazama. Nilichagua siku, Alhamisi.

Alhamisi hiyo, saa kumi na mbili na robo, mlango uligongwa. Ni yeye. Alikuwa amefika mapema, viatu vina tope, na chupa ya chai mkononi. Akanimiminia kikombe, akakaa kwenye benchi, akaitazama mashine inavyozunguka. Akasema kwa sauti ndogo, ingawa shule nzima ilikuwa tupu:

"Mama, uzifute tu. Sina kitu kwenye roho. Prefe akiuliza, umuambie ni mimi nilizirudishaga bila kujua, na wewe umezitoa. Nitakubali. Watasema mama ndiye aliiponyesha."

Wiki tatu nimebeba maneno yangu, na yeye aliingia mlangoni na chai akanitangulia hata kwa hilo. Hata msamaha nilikuwa nimeuchelewea. Na hakuja kuuomba wala kuutaka, aliuleta ukiwa umeiva, na sifa zangu juu yake, kama mtu anayemletea mgonjwa uji. Nilipaswa kumshika mkono. Nilijua hivyo wakati uleule. Lakini wivu ulinipanda, na nilipofungua mdomo nikasikia sauti yangu ya ofisini, ile ya kujibu wazazi wenye usumbufu:

"Nifute nini, Madame? Mimi mambo ile ya mashine siijui."

Akafunga chupa ya chai. Akainamisha kichwa, akasema basi mama, ni sawa, akaniachia ile chai, akaenda darasani kwake kufuta ubao.

Muda si mrefu baadaye mashine ikawaka. Najua pa kufungua. Najua zipi za kuondoa, ni kazi ya dakika kumi, na kila asubuhi ninapofika gizani ninaangalia ile orodha na kuifunga. Siwezi tena kuzifuta. Nimeshamwambia kwamba sijui.